Bi Mwatima Khelef Hamdun na Hitma ya Kila Februari

Bi Mwatima Khelef Hamdun alizaliwa tarehe 12 Mei 1946, Mkunazini, Unguja, mtoto wa pili wa Mzee Khelef, mshona kofia, na Bi Raya. Alisoma skuli ya wasichana mjini hadi Desemba 1963.

Miezi michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kaka yake Talib, karani wa bandarini, alichukuliwa nyumbani na watu wenye silaha. Hakurudi. Kuuliza kulikuwa hatari, na kukaa matanga kungekuwa kukubali kwamba amekufa, familia ikanyamaza. Tangu hapo Bi Mwatima hakulitaja jina lake.

Alifika London mwaka 1969. Alikuwa karani wa wodi katika hospitali moja ya Woolwich hadi alipostaafu mwaka 2006. Mwaka 1972 aliolewa na Bwana Abdulwakil Seif, fundi cherehani. Walijaaliwa binti mmoja, Zainab.

Februari 1988 skuli ya Zainab iliandaa maonyesho ya historia ya Wamarekani weusi. Mbele ya mchoro wa watumwa waliofungwa minyororo, Bi Mwatima alimwuliza mwalimu majina yao. Hayajulikani, akajibiwa. Makaburi je? Nayo hayajulikani. Mwalimu akaongeza kwamba miongoni mwa watumwa wa Marekani walikuwapo waliosali na kufunga.

Jumapili iliyofuata alipika pilau, akaita watu kwenye hitma, kisomo cha kuwaombea waliokufa. Wakaja na nyuso za msiba.

"Pole, dada. Nani kafa?" aliuliza jirani yake, Bwana Muhiddin, mlangoni.

"Wengi. Vua viatu, ukae."

Alipoelezwa kwamba ni ya wale watumwa, Muhiddin alishindwa kuzuia kicheko. "Wa Marekani? Miaka yote hiyo? Pilau lenyewe limechelewa!"

"Pilau huchelewa. Dua haichelewi."

"Lakini wa kwetu hatuwataji, Mwatima."

"Nnajifunza kwa wa mbali. Kwa wa karibu ulimi bado mzito."

Hitma hiyo ilisomwa kila Februari. Baadaye aliwaombea pia waliouzwa katika soko la Unguja. Talib bado hakumtaja.

Mwaka 2016 alianza kuugua figo. Mwezi uliopita, hospitalini, Zainab alimwuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, iwapo hitma ya mwaka huu iahirishwe.

"Isiahirishwe," alisema. "Na safari hii mtajeni Talib. Wale hawakutujua na tumewaombea. Yeye alinibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani."

Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 8 Februari 2019.

Ameacha binti yake Zainab, mkwewe Firoz na wajukuu wawili. Alitanguliwa na mumewe, Abdulwakil, mwaka 2011, na kaka yake, Talib Khelef Hamdun, aliyezaliwa mwaka 1941, ambaye kaburi lake hatulijui.

Hitma ya mwaka huu itasomwa kesho baada ya sala ya alasiri. Bwana Muhiddin ndiye atakayetaja majina: ya dada, kisha ya kaka. Mwenyezi Mungu awapumzishe wote wawili kwa amani.