Mwalimu Wedson Nyirongo na Mikataba Yake Kumi na Minane

Waraka wa elimu kuhusu walimu wasio raia unasema hivi, na ni vizuri usomwe mbele ya jeneza la marehemu kama alivyosomewa yeye kila Desemba: mwalimu mgeni ni msaada wa muda; ataajiriwa kwa mkataba mfupi, hadi apatikane mwananchi mwenye sifa wa kuishika nafasi hiyo kwa kudumu. Mwalimu Wedson Nyirongo, tunayemzika leo Jumatatu, tarehe 7 Desemba 1987, hapa Ushirombo, alikuwa msaada huo wa muda kwa miaka kumi na tisa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1937 katika kijiji kilicho karibu na Rumphi, Nyasaland, nchi ambayo baadaye iliitwa Malawi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Yonasi Nyirongo, seremala wa misheni. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha Livingstonia, na mwaka 1960 alihitimu ualimu wa fizikia na hisabati. Kisukuma alikisema kwa lafudhi ya kwao, na Kiswahili kwa lafudhi ya Kisukuma, hivyo hakuna mahali ambapo hakuulizwa ametoka wapi.

Alifika Shule ya Sekondari Mwalugesha, kilomita kumi na moja kutoka hapa, tarehe 11 Januari 1969, kwa mkataba wa miaka miwili. Huo ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Iliyofuata ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, pamoja na mmoja wa miezi sita ambao utaelezwa. Kila mkataba uliisha tarehe 31 Desemba, na mpya ulirudi na saini mwezi Machi, ukiwahi. Katikati hapo nyumba ilikuwa ya shule, na mwalimu hakuwa wa mtu. Alikabidhi funguo, akahesabiwa vitanda na viti, akahamia kwa wakwe zake. Januari ilipofika alikwenda kufundisha kwa baiskeli, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamefika na hakuna aliyewaambia wasubiri Machi.

Ndoa yake na Epifania, binti wa mzee Bartholomeo, ilifungwa katika Parokia ya Ushirombo tarehe 26 Agosti 1972. Siku ya posa mzee Bartholomeo alimwuliza, "Mkataba wako unaisha lini?"

"Desemba, mzee."

"Huo wa kazi naujua, nchi nzima inaujua. Nauliza wa kukaa na binti yangu."

"Huo hauna tarehe, mzee."

"Basi wewe si mgeni. Keti."

Ofisi haikupewa nakala ya mazungumzo hayo. Walijaliwa watoto watatu. Coletha, mkubwa wao, alipokuwa na miaka sita aliamini kwamba kuhama ni sehemu ya Noeli. Alimwuliza mama yake kuhusu majirani, "Mama, kina Serafina mbona hawahami? Kwani wao hawasali?"

Kila mwaka marehemu aliomba miaka mitatu, ili mke wake asifunge vyombo kila Desemba. Mwaka 1979 alisafiri hadi Shinyanga kuomba mwenyewe, ana kwa ana.

"Miaka mitatu, Mwalimu?" afisa alimwuliza. "Mgeni gani anakaa miaka mitatu?"

"Mimi nimekaa kumi na moja, Ndugu."

"Wewe umekaa mmoja mmoja. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Alirudi na mwaka mmoja. Alipoulizwa na mkewe safari ilikuwaje, alijibu kwamba alipokewa vizuri na alipewa kiti.

Mkataba wenyewe ulimtaka amwandae mwananchi wa kuchukua nafasi yake, naye alikuwa mtu wa kutimiza alichosaini. Mwananchi alipatikana Januari 1983: Tarsisi, kijana wa Bukombe, aliyefundishwa fizikia na marehemu mwenyewe kuanzia Kidato cha Kwanza. Siku ya makabidhiano Tarsisi alimkuta akifunga magunia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunitoa?"

"Nimepangiwa tu, Mwalimu. Sikuomba."

"Najua. Nilikufundisha vizuri, hilo ndilo kosa langu." Akampa daftari zake zote za maandalio, akamwonyesha swichi ya maabara inayorusha umeme.

Tarsisi alifundisha muhula mmoja. Habari za dhahabu ya Bugarama zilikuwa zimefika hata chumba cha walimu, na mwezi Juni alikwenda huko kuchimba, akapata duara lake, yaani shimo la kwake na wenzake. Mkuu wa shule alikuja kwa Landrover hadi uani kwa mzee Bartholomeo.

"Mwalimu, vijana wana mtihani wa taifa. Rudi."

"Narudi kwa miaka mitatu."

"Naweza kukupatia mpaka Desemba."

Mama Coletha alimwambia asiende. Alikwenda. Ndio huo mkataba wa miezi sita.

Alikuwa ameomba uraia Machi 1981, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Jibu lilikuja mwaka 1984. Lilisema kwamba akiwa raia ataanza kazi upya kama mwajiriwa mpya, na mwajiriwa mpya wa kudumu asizidi miaka arobaini na mitano. Alikuwa na arobaini na sita. Aliishukuru ofisi kwa barua, akabaki mgeni, maana mgeni alikuwa na kazi.

Kuhusu ugonjwa, Mama Coletha ameruhusu usemwe. Marehemu aliugua kisukari tangu mwaka 1985. Hakutibiwa. Kila mkataba ulidai cheti cha afya, naye alihofia kwamba jina lake likiandikwa kliniki, cheti kitamkataa. Kila Novemba alishinda siku tatu bila kula, ili mkojo ukipimwa usionyeshe sukari, na mara zote tatu haukuonyesha kitu. Mwaka huu alifunga huku ana malaria. Mkewe alimwekea uji mezani, aliutazama tu, akasema, "Nitakunywa nikishapata cheti." Cheti kilitoka Jumatatu, tarehe 30 Novemba: anafaa kwa kazi kwa miezi kumi na miwili. Alianguka siku ya pili yake, na akafariki Ijumaa tarehe 4 Desemba saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini. Mkataba wake ulikuwa umebakiza siku ishirini na saba.

Ameacha mjane, Epifania. Watoto watatu, Coletha, Marselino na Justa. Dada zake wawili huko Rumphi, ambao simu ya posta bado haijawafikia. Na mkwewe, mzee Bartholomeo, aliyetoa eneo la kaburi. Familia inatakiwa kukabidhi nyumba tarehe 31.

Mungu ampumzishe kwa amani, na asimwulize tena ametoka wapi.

Tangu alipofika Mwalugesha hadi alipofariki, walimu wa kudumu waliohamia shuleni hapo na kuondoka walikuwa arobaini na mmoja.