Jina la Kwanza Kwenye Fomu

Risala ya walezi na wanafunzi wa Chumba cha Nyuma, kwa Mkurugenzi wa shule ya kati ya mtandaoni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, walimu ambao mwaka mzima tumewajua kwa sauti na leo tunawaona hadi viatu, walezi wenzetu, nanyi wanafunzi mliokalia makapu ya nguo kwa sababu viti vimekwisha:

Tunakusalimu kwa heshima, na kwa furaha ambayo hatuna sababu ya kuificha. Umepita kaunta, umeinama chini ya kamba ya mashati, na sasa umekaa katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Joto unalolisikia ni la pasi. Tumezizima ulipopiga hodi, lakini ukuta huu huchukua saa nzima kupoa, kwa hiyo tunaomba radhi na tumekuwekea kiti karibu na dirisha.

Anayekusomea risala hii ni mpiga pasi wa duka hili, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Pasi. Tulimchagua kwa kura, akakataa. Tukapiga kura tena. Alipokubali alitoa sharti: kwa kuwa mambo mengi humu yanamhusu, hataki kusimama mbele ya watu akisema "mimi, mimi" kama mgombea. Basi sisi tumeandika, yeye anasoma, na utamsikia akitajwa kama mtu mwingine. Ukimwona anacheka pasipochekesha, ujue kafika penye jina lake.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, shule ilipotangaza kwamba watoto wa huku, walio mbali na majengo ya shule, watasoma darasa la sita hadi la nane kwa mtandao, tulishangilia siku moja. Siku ya pili tukashika tama. Barua ya maelekezo ilikuwa na kurasa nne, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuwasha kompyuta, sembuse kumwandikisha mtoto ndani yake. Tukafanya kile ambacho mtu mzima hufanya akiona aibu kuuliza. Tulizikunja zile barua, tukazitia mfukoni.

Sasa dobi wetu ana desturi yake. Hafui nguo kabla ya kupekua mifuko. Wiki ile alikuta barua ya shule kwenye suruali ya dereva. Kesho yake akakuta nyingine kwenye gauni la muuza mboga. Kufikia Ijumaa alikuwa nazo saba, zote zimekunjwa mara nne, zote hazijajazwa. Akazipanga kaunteni, na kila aliyekuja kuchukua nguo aliulizwa mbele ya watu, "Ndugu yangu, ulitaka nimfulie mtoto shule yake?"

Lakini tulipoonana tuko saba, aibu ilipungua. Dobi akafungua chumba hiki, akasogeza meza mbili za pasi, akasema, "Njooni hapa, tutahangaika pamoja." Dada anayetengeneza simu duka la pili, tunayemwita Fundi, akaleta kompyuta nne alizozifufua mwenyewe. Naye alikuja na amri moja: anayemsaidia mwenzake aweke mikono nyuma. Aeleze kwa mdomo tu, asiguse kitu, hata kama mwenye kazi anatafuta herufi moja kwa dakika tano.

"Mkono wangu ukishika," alisema Fundi, "mtajifunza kuniita mimi. Sitaki kuitwa. Nina simu za watu za kutengeneza."

Wa kwanza kukaa mbele ya kompyuta alikuwa Bibi Pasi. Alikuja na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, mtoto wa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, ambaye sote tunamwita Chapchap. Mama yake Chapchap anafanya kazi mbali, na bibi ndiye mlezi wake. Fomu ikafunguka. Mstari wa kwanza uliandikwa JINA, basi. Bibi Pasi, ambaye aliacha shule darasa la tatu na kusoma kwake kulikuwa kwa lebo za nguo na mabango ya barabarani, amejaza fomu nyingi maishani: za kupanga nyumba, za maji, za zahanati. Katika zote anayetangulia kuandikwa ni mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo akaandika jina lake. Chini zaidi palipoandikwa MTU WA PILI KATIKA KAYA, akaandika la mjukuu. Fundi alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, akimsifu kwa kuipata kila herufi.

Mashine haikuuliza kulikoni. Ilisema: Hongera, umeandikishwa.

TULIYOYAVUNA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba ruhusa ya kujipiga kifua.

Tulianza na familia saba za mifukoni. Leo watoto arobaini na watatu wameingia darasani kupitia chumba hiki, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Dereva ambaye barua yake ilikuwa ya kwanza kupatikana sasa anawafundisha walezi wapya kutuma kazi ya nyumbani, na amekuwa mkali kuliko Fundi. Muuza mboga anajua kuzima na kuwasha sauti yake, jambo ambalo wanawe wanasema wangependa ajue hata nyumbani. Mtoto aliyekuwa haongei darasani anaongea, kwa sababu mtandaoni hakuna anayemgeukia kumtazama. Mwezi uliopita wanafunzi wetu sita walikuwa miongoni mwa ishirini bora wa shule nzima. Sita, mgeni rasmi! Kutoka kwenye meza za pasi!

Na kuhusu mmoja wa hao sita tuna jambo la kueleza.

Kila asubuhi duka likiwa bado halijafunguliwa kwa wateja, Bibi Pasi na Chapchap walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta moja. Mtandao wetu ni mchovu, kwa hiyo picha zilizimwa, likabaki jina na sauti. Sisi tulidhani bibi anamsimamia mtoto, na kwamba jina linaloonekana juu huwa la mlezi. Kumbe mashine ikiandika, "Mwanafunzi, jibu swali," na juu yake jina ni lake, bibi aliona ni utovu wa adabu kumwachia mtoto swali aliloulizwa yeye. Alijibu mwenyewe.

"Wewe mke mwenzangu andika kwenye daftari lako," alimwambia mjukuu. "Hii inanitaka mimi."

Alidhani walezi wote wanasoma hivyo. Alituonea huruma kwa kuwa hakutuona tukihangaika na mazoezi, akadhani tumezembea.

Mwalimu wa sayansi, uliyeketi mstari wa mbele na sasa umetoa macho, bila shaka unakumbuka. Uliuliza kwa nini mvuke hunyoosha kitambaa haraka kuliko joto kavu. Sauti moja ikaeleza jinsi maji yanavyoingia kwenye uzi, uzi ukalegea, na pasi ikapita kabla haujajikunja tena. Ulisema, "Vizuri sana mwanafunzi. Nani amekufundisha?" Ukajibiwa, "Mashati, mwalimu." Darasa lilicheka, nawe ukaandika themanini na moja.

Hesabu alipata sitini na nane. Historia, sabini na nne. Kusoma kwa sauti hakukupimwa mtandaoni, na hilo lilimuuma, maana ndilo alilokuwa akijifunza kwa siri kwenye magazeti yanayofungiwa nguo.

Upande wa pili, kwa kuwa mashine humhesabu mtu wa pili kuwa mlezi, Chapchap aliitwa kwenye kikao cha walezi. Akaingia mtandaoni, kwa sauti tu. Alipoulizwa mtoto wake anaendeleaje nyumbani, alijibu, "Anajitahidi, ila akitoka kazini husinzia kwenye hesabu." Mwalimu akashauri mtoto asipewe kazi nyingi. Chapchap akaahidi kulifikisha.

TULIPOKWAMA

Mgeni rasmi, tusikupake mafuta. Yapo ya kutukera. Pasi mbili na kompyuta nne zikiwaka pamoja, swichi inaruka, na watoto wanakatwa katikati ya sentensi. Tumepanga zamu: kompyuta asubuhi, pasi mchana. Dobi amewapoteza wateja wanaotaka nguo mapema na hajalalamika hata siku moja. Fomu nayo bado inasema JINA bila kusema la nani. Tangu tugundue kosa, Fundi amebandika karatasi juu ya kila kompyuta: KWANZA MWULIZE, NANI ANASOMA?

Tuligundua wiki mbili zilizopita, namba za mtihani wa mwisho wa mwaka zilipotoka. Namba ya Bibi Pasi ilikuwepo. Ya Chapchap haikuwepo. Mtoto alitafuta jina lake kwenye orodha mara tatu, kisha akamgeukia bibi yake akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, mimi sipo."

Bibi Pasi alikaa chini sakafuni pale pale. Tumemfahamu miaka mingi, tumemwona akiungua mkono na kuendelea na kazi. Siku ile alilia. Alisema ameiba mwaka wa mtoto.

Tulipiga simu ofisini kwako. Karani alikuwa mpole. "Mama, hilo dogo," alisema. "Tunafuta jina lako, tunaweka la mtoto pale pale, na alama zinabaki. Mtoto anafanya mtihani kama kawaida."

"Futa, mwanangu," alisema Bibi Pasi. "Futa sasa hivi."

Chapchap akaichukua simu. "Shikamoo. Usifute. Hizo alama si zangu, ni za bibi. Za kwangu ziko kwenye madaftari."

"Basi mtoto itabidi arudie mwaka," alisema karani.

"Nitarudia."

"Hurudii kitu!" bibi akapiga kelele kutoka sakafuni. Karani akasema suala limemzidi kimo, lipelekwe kwa Mkurugenzi. Mtihani ni Jumatatu ijayo, mgeni rasmi, na ndiyo maana tumekusihi uje leo.

TUNACHOOMBA

Kwanza, kwa mjukuu. Mbele yako mezani kuna madaftari kumi na moja. Ni kazi zote za Chapchap za mwaka mzima, zina tarehe, na makosa yake yamo kama alivyoyafanya. Hatukuyasafisha. Tunaomba walimu wako wayapitie leo hii, wakiwa bado wapo hapa, wampe alama zake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe, naye apate namba ya mtihani. Asirudie mwaka kwa kosa la mstari mmoja.

Pili, fomu irekebishwe. Tatu, utuombee waya wa umeme wa pekee kwa kompyuta, ili dobi apige pasi asubuhi kama watu wengine.

Sasa tunaomba tufungue ukurasa wa mwisho.

Mgeni rasmi, ukurasa huu tuna jambo la kuungama. Bibi Pasi aliandika ombi la nne kwa mkono wake. Liliomba jina lake lifutwe kabisa kwenye shule, ili lisimletee mtoto utata. Alisema, "Mtoto ndiye mwenye safari. Mimi nilikuwa napita tu." Asubuhi hii, akiwa anajipigia pasi gauni la kuvaa mbele yako, sisi tumelichomoa ombi lile na kuweka hili. Hakulijua. Analijua sasa, pamoja na wewe.

Bibi, usikatishe, endelea kusoma. Tunajua umekasirika. Tutagombana baadaye, wewe na sisi wote, na Chapchap ndiye aliyetoa wazo, kwa hiyo anza naye.

Mgeni rasmi, hatuombi huruma. Bibi Pasi hakupita tu. Ametembea mwaka mzima, kila somo, kila zoezi, na hajakosa asubuhi hata moja. Alama zile ni jasho lake. Kosa lilikuwa la fomu. Kusoma hakukuwa kosa. Tunaomba asifutwe. Tunaomba Jumatatu wakae wawili, kila mmoja na kompyuta yake na namba yake, na wakifaulu waingie wote darasa la saba.

Tungekuletea ushahidi wa vyeti, lakini hatuna. Tunacho hiki: ukurasa unaousikia hajasomewa na mtu yeyote, wala yeye hakuupitia jana wala leo. Aliacha shule darasa la tatu. Kama maneno haya yamekufikia yote, hadi hapa yalipofika, basi mwanafunzi wako ameyasoma.

Tunakuombea afya, macho yasiyochoka na uamuzi usiokunyima usingizi. Safari yako ya kurudi iwe nyepesi, na walimu wetu wazidishiwe subira, maana tunakuja tena mwakani, tukiwa wengi zaidi.

Ni sisi, Chumba cha Nyuma: dobi, Fundi, walezi, na wanafunzi wako arobaini na wanne, mdogo wao ana miaka kumi na mmoja, mkubwa wao ana sitini na mmoja.