Maombi Nadège, Mama wa Thelathini na Wawili

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Dzaleka, nanyi mliotoka Lilongwe asubuhi kuja kutusitiri, familia imenituma mimi, Delphin Cishahayo, niwasomee maisha ya mpendwa wetu, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba jana kutwa nzima wazee walikalia swali moja tu, yaani nini kisomwe tutakapofika mahali pa watoto, kwa sababu marehemu hakuzaa, na kwa desturi ya ukoo wao mtu asiyezaa huzikwa na kipande cha kaa mkononi, ishara kwamba moto wake umezimika. Tutafika huko, nawaomba subira.

Maombi Nadège alizaliwa tarehe 17 Machi 1971 huko Kiliba, karibu na Uvira, mtoto wa pili katika watoto watano, baba yake akilima muhogo na mama yake akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, na katika hao watano aliyebaki leo ni kaka yake Gaspard, huyu mnayemwona hapa mbele. Alianza shule ya msingi palepale Kiliba mwezi wa Septemba 1977, akaimaliza mwaka 1983, akaendelea na sekondari mjini Uvira katika mchepuo wa ualimu, na mwezi wa Julai 1989 akapata diploma ya serikali, karatasi aliyoipenda kuliko nguo zake zote, akaifunga ndani ya nailoni mbili na kuvuka nayo mipaka yote aliyovuka. Tangu mwaka huo alifundisha darasa la tatu huko Kiliba, na Kaka Gaspard anakumbuka kwamba wazazi walikuwa wakiwapunguzia watoto umri au kuwaongezea, ili mradi tu waangukie mikononi mwake.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na marehemu Faustin Akilimali, fundi cherehani, mtu mpole aliyekuwa akicheka kwa mabega bila kutoa sauti, wakaishi pamoja kwa amani miaka kumi na mitatu na ushee, mpaka Faustin alipotwaliwa tarehe 2 Februari 2009.

Vita vilipofika Uvira mwezi wa Oktoba 1996 walivuka ziwa hadi Kigoma, wakakaa kambini Tanzania karibu miaka mitatu, na tarehe 4 Juni 1999 wakaandikishwa hapa kambini Dzaleka, cherehani kichwani kwa mume na diploma kifuani kwa mke. Wiki ya pili tu Maombi aliipeleka diploma yake shuleni kuomba kazi, akapokelewa kwa heshima, karatasi ikazungushwa mikononi mwa walimu watatu ambao hawakujua Kifaransa, akarudishiwa na kuambiwa ajifunze kwanza Kiingereza, naye hakununa, au kama alinuna hakumwonyesha mtu, maana mwaka uliofuata, mwalimu huyu wa miaka ishirini na minane alikwenda kukaa darasa la sita pamoja na watoto, magoti yakiwa hayaenei chini ya dawati, wenzake wakimwita agogo, yaani bibi, na mwaka 2002 akafanya mtihani wa darasa la nane na kufaulu, akiwa amemzidi umri mwalimu wake wa hesabu. Alituambia mara nyingi kwamba katika miaka ile alijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba, alijua moyo unavyouma mtu anapoketi kati ya watu wanaodhani hajui kitu, kumbe ni lugha tu haijamfikia.

Mwezi wa Machi 2005 walihamia Kawale, mjini Lilongwe, Faustin akishona barazani na Maombi akiuza vitenge sokoni, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Mwezi wa Januari 2008 alikuwa akipita mbele ya shule moja ya sekondari, mzigo wake ukiwa juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, akamkuta msichana wa Kinyarwanda, Umwali, akilia getini, amefaulu na amechaguliwa lakini hawezi kupokelewa bila mzazi wa kutia sahihi, na mzazi yuko Dzaleka akisubiri kibali cha kutoka. Maombi alimwambia wa kabaza asimame, akaingia ofisini, akaandika jina lake mahali pa mzazi, akatoka na kuendelea na safari ya sokoni. Habari ilifika hapa kambini kabla ya jua kuzama, mnatujua tulivyo, na kuanzia hapo, kila mwanzo wa mwaka wa shule, wazazi wa Dzaleka, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, walikuwa wakimtumia watoto pamoja na salamu, na yeye akiweka sahihi. Mwaka 2014 mwalimu mkuu mmoja wa kike alimwita, akamwekea mezani fomu za watoto wanne wa kidato cha pili, koo nne tofauti, wote wamezaliwa mwaka mmoja, wote mama yao ni Maombi, akamuuliza inawezekanaje, naye akajibu kwa Chichewa safi kwamba kwa mwaka huo Mungu alikuwa na haraka, na yule mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, fomu zikapita.

Naomba niwakumbushe zile Jumamosi za Kawale, maana wengine hapa mnatabasamu tayari. Shuleni sisi aliotutilia sahihi tulikuwa tumebadilisha majina tusijulikane kuwa wakimbizi, Harelimana alikuwa Chisomo, Izere alikuwa Memory, mimi nilikuwa Blessings Phiri wa Kauma, na tuliipenda nsima, ugali wa huku, mbele ya watu kuliko wenye nsima yao, ila Jumamosi mlangoni kwa Mama Maombi hakuingia mtu bila kutaja kwanza jina alilopewa nyumbani. Mimi siku ya kwanza nilijisahau, akaniziba njia na mwiko mkononi, akasema, "Blessings abakie inje, Delphin njo aingie, sombe iko moto." Ndani tulisema Kiswahili, cha Uvira, cha Bujumbura, cha kuokoteza, na aliyeponyokwa na Kiingereza alioshea wenzake vyombo vyote, na yeye akakaa juu ya kindoo chake akitusahihishia insha za hicho hicho Kiingereza, akituambia, "Ku masomo museme ya kwabo, tena museme kuwapita, mi sikatazi, lakini batu batawauliza muko banani, na mutakosa jibu kama mulilitupa." Ewe Mama, harufu ile ya sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya mawese nikiipata hata leo njiani, miguu yangu hutaka kukata kona kuelekea Kawale.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini Kaka Gaspard amesema historia ya marehemu isomwe nzima. Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2016, katika mkutano wa wazazi wa shule yetu, Maombi alichaguliwa makamu mwenyekiti wa kamati ya wazazi, maana kwa miaka minane hakukosa mkutano hata mmoja, na mkuu wa shule kwa furaha akaomba mtoto wake asimame ili apigiwe makofi. Watoto wake wa sahihi tulikuwa kumi na mmoja ndani ya ukumbi ule, nami nilikuwa kidato cha tatu, safu ya pili, karibu naye kiasi kwamba niliona uzi uliochomoka kwenye kitenge chake. Kusimama kulikuwa ni kujulikana mkimbizi mbele ya shule nzima. Hakusimama mtu. Mimi nilitazama viatu vyangu, na aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza kuuliza huyu mama Mburundi, maana kwao kila mgeni ni Mburundi, mtoto wake ni nani, nikamjibu kwamba simjui. Maombi alingoja kidogo, akatabasamu, akamwambia mkuu kwamba mwanawe anaumwa, hakuja, akaketi. Jumamosi iliyofuata alipika kama kawaida, hakutugombeza, hakutaja kitu, na mimi nilitamani anifokee, kwa sababu kufokewa kungenisaidia kulala.

Tarehe 27 Mei 2023, baada ya amri ya wakimbizi wote kurudi kambini, alifunga kibanda chake cha vitenge na kurudi Dzaleka, akiwa na miaka hamsini na miwili, akaanza kufundisha watoto barazani kwake, asubuhi kusoma Kiswahili, mchana Kiingereza, na ile diploma ya mwaka 1989 akaitundika ukutani, akasema kwamba sasa hahitaji mtu wa kuisoma.

Kuhusu watoto. Jana wazee walipokuwa wakijadiliana, Shangazi Marie-Goretti, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na hana ubaya na mtu, alikuwa ameshika lile kaa ndani ya karatasi, akisema desturi ni desturi, hata kama inauma. Kaka Gaspard hakubishana naye, aliingia ndani, akatoka na daftari la marehemu, akaanza kusoma majina ya wote aliowatilia sahihi kutoka mwaka 2008 hadi 2023, jina la nyumbani kwanza, kisha lile la shuleni, kisha alipo sasa, Umwali ni muuguzi, Izere anafundisha Kanengo, wawili wako Kanada, mmoja ametangulia mbele za haki, mpaka wakatimia thelathini na wawili. Mama yangu aliyenizaa, ambaye yumo humu, aliinuka akasema kwa niaba ya wazazi wenzake kwamba wao walizaa tu, kulea walisaidiwa, na hawaoni wivu. Shangazi alifuta macho, akaenda mpaka penye mbabula, jiko la makaa lililokuwa likichemsha chai ya waombolezaji, akalitia lile kaa motoni pamoja na mengine. Kwa hiyo familia inasoma hivi: marehemu ameacha watoto thelathini na mmoja, na mmoja alimtangulia.

Alianza kusumbuliwa na presha na figo mwezi wa Novemba 2024, akatibiwa kliniki ya hapa, na tarehe 3 Septemba 2025 akapelekwa hospitali ya Lilongwe, nami nikafuatana naye, akalazwa siku kumi na tatu, na Jumanne tarehe 16 Septemba, saa nne asubuhi, akaiaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia imeniruhusu niongeze jambo moja la siku ile ya kulazwa. Muuguzi alikuwa akijaza fomu, akafika mahali pa ndugu wa karibu, akalitazama jina langu na jina la Mama, hayafanani, akamuuliza kwa Chichewa kama mimi ni mwanawe. Mtu aliyekuwa amejibu ndiyo mbele ya kila mwalimu mkuu wa Lilongwe kwa miaka kumi na mitano, safari hii hakujibu, alinigeuzia uso, akamwambia yule muuguzi, muulize mwenyewe. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa na wanaowauguza, na mimi nikasema, "Ndi mayi anga, huyu ni mama yangu, na mimi ni mkimbizi wa Dzaleka," nikasema kwa sauti iliyowageuza watu hata wa vitanda vya dirishani. Mama alifumba macho kidogo, akasema, "We unachelewaka sana, Delphin," kisha akaomba maji, nikamnywesha.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa kliniki ya hapa na wa hospitali ya Lilongwe, na hasa yule muuguzi aliyeuliza, tunawashukuru majirani wa Dzaleka kwa kuni, maji na turubai, wafanyabiashara wenzake wa soko la Kawale waliofunga vibanda leo, wakuu wa shule walioweka kalamu mkononi mwake bila kuuliza sana, kanisa na kwaya, na kila aliyelala nasi chini siku hizi tatu, Mungu awarudishie, zikomo kwambiri, asanteni sana.

Pumzika kwa amani, Mama Maombi. Ni mimi Delphin, mwanao, niliyesoma.