Mwalimu Gozbert Anauza Pikipiki

Pale Kibamba, ukivuka barabara kutoka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kuna benchi refu la mbao ambalo halina mwenyewe. Ukuta wa nyuma yake uliwahi kuandikwa kwa rangi nyekundu USIKAE HAPA, na maandishi hayo yamefutwa na migongo ya wanaokaa. Shomari muuza kahawa huweka hapo jiko lake la mkaa na dele kila alasiri, na lori la bara likipita Barabara ya Morogoro, vikombe vinagongana kwenye sinia. Watu wa mtaa wanakiita kijiwe hicho Stendi, maana wanaokaa pale hawana habari nyingine ila safari za pikipiki. Siasa hawaziwezi. Mpira wanauongelea kwa adabu tu, mgeni akiuanzisha. Lakini taja neno "kona" mbele yao, hutoki hapo mpaka magharibi. Jumapili hiyo Mwalimu Gozbert alifika akiisukuma Yamaha DT yake nyekundu kwa mikono, akaisimamisha kando ya benchi, akaketi, akapokea kikombe. Kisha akatoa neno alilokuwa akilipanga kichwani tangu kanisani.

— Naiuza.

— Unauza nini, Ticha? Kofia?

Aliyeuliza ni Mbwana, mwenye duka la mabati, mtoto wa Temeke aliyehamia Kibamba na mdomo wake mzima. Hapo kijiweni anaitwa Kona Kali.

— Pikipiki. Mnunuzi anakuja kuionea hapa hapa. Kijana mmoja wa Mabibo.

— Sista Deme, umesikia? Hebu mshike paji la uso huyu.

Demetria ana duka la dawa mtaa wa pili, na ndiye mwanamke pekee anayekaa kwenye benchi lile. Hakuna aliyewahi kuwa na ubavu wa kumuuliza kwa nini. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la Gozbert, akasikilizia.

— Hana homa. Tena hiyo ndo mbaya zaidi.

— Ni mguu, jamani — alisema Gozbert. — Gia ziko kushoto, na mguu wenyewe ni wa kushoto. Haushiki.

Mguu huo wote waliujua. Mwalimu wa jiografia aliyewahi kwenda kwao Muleba kwa pikipiki akarudi bila mchubuko, alikuja kuvunjwa na stuli ya jikoni kwake alipopanda kubadilisha taa. Plasta ilishatolewa zamani, na daktari alishamwambia aendelee na maisha yake. Lakini kila alipoifunua pikipiki turubai na kushika usukani, Gozbert alikuwa akiisikia tena ile sauti ya mfupa. Mkewe Clara alimwambia ni uzee. Wanafunzi aliwaambia ni kazi nyingi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakuwahi kuogopa pikipiki maishani, hakujua mtu akiogopa anafanyaje. Basi akaona auze.

— Haushiki wapi? — Demetria alimkazia macho. — Dawa za maumivu si nilikuwa nakuuzia mie? Umeacha kuja siku nyingi. Mguu umepona, kaka.

— Halafu pikipiki iliyopanda Lushoto na mie haiuzwi! — Mbwana alishasimama. — Ni sawasawa na kumuuza shahidi. Nani atakayeniamini tena? Ile barabara ya kutoka Mombo kwenda juu, jamani! Mwamba kushoto, korongo kulia, maji yanaporomoka pale Soni unayasikia hata ukiwa na helmeti. Na zile kona! Kuna moja imejikunja mpaka unapokata unaiona taa yako ya nyuma inakupita.

— Juzi ulituambia uliona mpaka namba ya pikipiki — alisema Shomari.

— Siku hiyo kulikuwa hakuna ukungu.

— Mombo mnaifuata ya nini? — Shomari alimimina kahawa kwa mbwembwe, dele juu, kikombe chini, hata tone halikumwagika. Shomari hajawahi kuvuka Chalinze, lakini madereva wa malori wote ni wateja wake, hivyo anajiona kaizunguka nchi nzima. — Barabara ni Kitonga. Pale Iringa, mlima unapanda mpaka masikio yanaziba. Nimeambiwa na watu wazima, ukifika kati ukazima injini, pikipiki inapanda yenyewe.

— Yenyewe?

— Yenyewe! Mlima una sumaku. Ndo maana malori yanayoshuka yanaungua breki, mlima unayavuta, hautaki yaondoke.

— Shomari, mie Kitonga nimepita, nikazima injini — alisema Mbwana.

— Ikawaje?

— Nikarudi nyuma mpaka nikakutana na basi.

— Uliizimia pabaya, braza. Sumaku ina sehemu zake.

Gozbert alicheka bila kupenda. Alikuwa amejiapiza kwamba leo hataingia kwenye ubishi huu; anywe kahawa, amwoneshe kijana pikipiki, arudi nyumbani. Akaiangalia barabara kuona kama mnunuzi anakuja. Hakumwona.

— Nyie wote hamjui barabara — alisema Demetria. — Barabara ni moja, Mbinga kwenda Mbamba Bay. Unaliona Ziwa Nyasa mbele yako, unakata kona, limekwenda kushoto. Unakata nyingine, liko kulia. Lile ziwa linakufuata!

— Siku hizi ina lami — alisema Mbwana. — Siku hizi hata bibi harusi anaweza kuendesha. Sie tulipita enzi za tope. Harusi ya mdogo wako, Blessing, unakumbuka?

— Nisikumbuke? Pikipiki tatu kutoka Dar, mvua imetupokea Songea ikatusindikiza mpaka mwisho. Wewe uliteleza kwa mgongo ukaipita pikipiki yako mwenyewe.

— Niliipita kwa heshima. Nikaisubiri chini.

— Halafu tukakuta lori limelala katikati ya njia, limebeba watu wa harusi...

— Kwaya — alisema Gozbert.

Neno lilimponyoka. Wote watatu wakamgeukia.

— Lilibeba kwaya — aliendelea, kwa sauti ya kurekebisha tu, kama anavyorekebisha madaftari. — Wanakwaya wote, na sare zao za bluu. Na halikulala, lilikwama kwa ubavu kwenye kona. Mbele korongo, nyuma mlima. Hakuna gari linaloweza kupita.

— Haya, Ticha, malizia basi — alisema Shomari, akimjazia kikombe.

— Hakuna cha kumalizia. Padri alikuwa anasubiri, bibi harusi anasubiri, na kwaya iko mlimani inanyeshewa. Mwalimu wao wa kwaya, yule mama mnene, alikuwa amekaa kwenye jiwe analia. Anasema Blessing alikuwa mwimbaji wake tangu mtoto, leo anaolewa kimyakimya kama anasajili laini ya simu.

— Ndipo wewe ukasema...

— Nikasema pandeni.

— Mshikaki! — Mbwana alipiga paja.

— Mshikaki, wawili wawili. Mbwana alikuwa hajijui kwa tope, Deme tulimtanguliza kanisani akamshikilie padri. Nikabaki mie. Sikilizeni sasa, ule mteremko hauruhusu gia mbili. Ukiweka mbili umekwenda korongoni. Kwa hiyo unashuka na moja, breki unaigusa tu, tairi la nyuma linataka kuja mbele, unaliambia tulia. Kona! Unaegemea mlimani. Ukifika chini unawaacha, unageuza, na kupanda ndo kazi: moja, inalia, inalia, unaipa mbili kwa nukta moja upate mwendo, halafu unairudisha moja kabla haijafa. Mbili, moja! Mbili, moja!

Hakujua alisimama saa ngapi. Mikono ilikuwa mbele imekamata usukani wa hewa, magoti yamekunjwa, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukipiga gia ardhini, juu, chini, juu, chini, mpaka vumbi likatimka na Shomari akafunika vikombe kwa kiganja. Mbwana alikuwa nyuma yake amemshika kiuno, amekuwa mwanakwaya. Demetria alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Mwenye duka la jirani alitoka nje na mteja wake kutazama.

— Na walikuwa wanaimba! — Gozbert alipaza sauti kulishinda lori lililokuwa likipita. — Wanaogopa kufa, wamefumba macho, lakini wanaimba! Kanisani watu wanasikia sauti zinashuka mlimani mbili mbili, zinaongezeka mlangoni. Wa mwisho alikuwa yule mama. Nimempakia peke yake. Tumefika kona ya mwisho, mvua ikakatika hivi, kama mtu amefunga bomba. Ziwa lote likafunguka chini yetu, la bluu, mpaka kule milima ya ng'ambo. Na Blessing na gauni lake jeupe yuko mlangoni mwa kanisa, amegoma kuingia mpaka tufike. Mama akaniambia, simama. Nikasimama. Akaangalia, akaangalia. Akaniambia, mwanangu, mie nimezaliwa hapa, sijawahi kuliona hili ziwa.

Demetria alijifuta jicho kwa upindo wa kitenge.

— Shikamooni — sauti ngeni ilisema.

— Marahaba.

Alikuwa kijana mwembamba, amesimama kwenye ncha ya benchi, na kwa jinsi kahawa yake ilivyokuwa imepoa mkononi, alikuwa amefika kitambo.

— Mie Abdulrahman, wa Mabibo. Nina meza ya ndizi pale sokoni. Nauza ndizi za Tukuyu kila siku na Tukuyu kwenyewe sijawahi kufika, ndo nikasema ninunue pikipiki. — Akaigeukia DT nyekundu, akaigusa tangi kwa vidole viwili. — Ndo hii iliyobeba kwaya?

— Ndiyo hii.

— Sasa, mwalimu, samahani. Unaiuza kwa nini?

Gozbert alifungua mdomo kusema mguu. Akautazama. Ulikuwa umesimama imara kwenye shimo dogo ulilolichimba wenyewe kwa kisigino.

Gozbert alichukua helmeti ya Mbwana benchini. Akapanda. Akapiga kiki, injini ikakohoa. Akapiga tena, ikaitika. Moyo ulikuwa unamdunda masikioni, na ile sauti ya mfupa aliisubiri kabisa, aliisubiri kama mtu anayesubiri kupigwa. Mguu wa kushoto ukashuka. Gia ya kwanza ikaingia.

Akatoka barabarani akaelekea Kiluvya. Mbili. Tatu. Upepo ukaingia kwenye shati la kanisani ukalijaza. Hakuna kilichovunjika. Kwenye gia ya nne alianza kucheka, na aliendelea kucheka alipogeuza, na alipoingia tena kijiweni uso ulikuwa umelowa machozi ya upepo, au ndivyo alivyosema mwenyewe.

— Abdulrahman — alisema, bila kuzima injini. — Nisamehe, mwanangu. Nimekupotezea nauli. Hii siiuzi. Lakini mie na Mbwana tutakutafutia nyingine nzuri, tena tutaikagua wenyewe. Ukishaipata tu, shule zikifungwa tunaondoka wote.

Kijana alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

— Tunaenda wapi?

Wakamjibu wote wanne kwa pamoja, kila mmoja na barabara yake.