Historia ya Dada Yetu, Ikisomwa Mbele ya Mzee wa Hema Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka Idara ya Taifa ya Volkano na Matetemeko, mimi ni mdogo wa marehemu, fundi cherehani, familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake, naomba tutulie, kwa sababu historia ya marehemu haikatizwi wala mtu hainuki ikisomwa, jambo ambalo dada alilijua vizuri kuliko sisi sote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba, akiwa wa kwanza kati yetu wanne. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1973 hadi 1979, sekondari hadi 1986, kisha chuo kikuu, ambako mwaka 1990 alihitimu shahada ya jiolojia, mwanamke pekee darasani, na baba, mtu mgumu wa kusifu, alizunguka mtaa mzima akionyesha picha ya joho mpaka ikachakaa pembe.

Tarehe 2 Julai 1991 aliajiriwa na Idara, akaipenda kazi ya kupanda milima na kusimika mitambo ya kupima mitetemo kupita hata alivyotupenda sisi. Agosti 1994 alipelekwa kambini, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, yeye pamoja na mkuu wake wa kazi, ambaye wasichana wa Idara walishambandika jina la Mzee wa Hema Moja, maana kila aliposafiri na mwanamke, hema la pili lilisahaulika ofisini, na redio ya mawasiliano ililala chini ya mto wake. Mzee huyo alimvamia, dada akapigana naye, akavunjika mkono, akashuka mlima peke yake. Aliporipoti, aliambiwa kwamba kule juu kuna baridi na watu huelewana vibaya, akahamishiwa stoo ya mawe, akabandika lebo miaka kumi na miwili, huku Mzee akipanda cheo hadi ukurugenzi. Nasema wazi, familia hii haijasamehe, na leo haina mpango huo.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu wa kwanza pale Idarani kumuuliza mkono unaendeleaje, wakajaliwa binti mwaka 1997 na kijana mwaka 2000.

Oktoba 2019 aligundulika kuwa na kansa ya titi, lakini Machi 2021, kichwa hakina hata unywele, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, na mheshimiwa mmoja alipomuuliza mbona hakupiga kelele, alimjibu kwamba jirani wa karibu alikuwa volkano. Sheria ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia katika Idara ilisainiwa tarehe 9 Novemba 2021, sasa kila mtafiti ana hema lake lenye kufuli na simu yake mwenyewe, na anayepatikana na hatia hufukuzwa bila kiinua mgongo. Sheria hairudi nyuma, na Mzee alikuwa ameshastaafu na nishani yake. Dada alilia kwa hasira, akafuta uso, akaniambia, "Mdogo wangu, msibani kwangu atakuja, wakubwa hawakosi penye maiki. Mwekeni mstari wa mbele."

Mwezi uliopita binti yake, naye mtafiti, alimpigia simu kutoka mlima ule ule, kumwambia tu kwamba amelala vizuri. Dada alifariki tarehe 18 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na wale wafanyakazi wenzake watatu walioketi naye mbele ya kamati. Wengine wa Idara mnajijua, shukrani zenu hazimo humu.

Dada, tumemweka mstari wa mbele kama ulivyoagiza, pumzika kwa amani. Kwa mujibu wa ratiba, sasa anafuata mkurugenzi mstaafu, kutueleza utumishi wa marehemu. Karibu, Mzee, maiki hii hapa.