Kadi Tuliyoililia Likoni

Ndugu zangu, majirani, na nyote mliotoka mbali, haya ni maneno yangu mimi Nyamvula, hawe yake marehemu, mama wa mama yake, nami nimemwomba kijana wetu Boga awasomee kwa niaba ya ukoo, kwa kuwa nayajua kwa moyo lakini si kwa maandishi.

Absalom Kazungu alizaliwa hapa Mtopanga tarehe 14 Aprili 1956, mtoto wa pekee wa binti yangu Mbeyu, ambaye Mungu alimchukua mwaka 1961, nami nikamlea. Alisoma shule ya msingi ya papa hapa kuanzia 1963 hadi 1969, mwalimu akilalamika kila muhula kwamba mtoto huyu kapewa macho, masikio kanyimwa.

Mwaka 1974 aliajiriwa na studio moja ya Kongowea, akipiga picha za kipande, yaani kitambulisho, na za maarusi, na mwaka 1979 gazeti likamchukua, likampeleka vita vya Uganda, kisha Sudan, kisha Somalia, nami kila akiaga nikimuuliza kwani hao wanaopigana hawana wapiga picha wao. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na Jael Nafula, wakajaliwa Rispa mwaka 1984, na Mbeyu mwaka 1987, aliyerithi jina la mwanangu.

Siwafichi, miaka hiyo sikuogopa kifo, maana kifo hata Mtopanga kipo, niliogopa afe mahali tusipopajua, tukose hata kaburi la kupalilia.

Basi Septemba 1992, Absalom yuko Somalia mwezi wa tatu bila barua, ikaja kadi ya gazeti, ina picha yake, jina lake, chini yake 1979–1992, na mwaliko wa Likoni Jumamosi tarehe 12. Jirani yetu Mzee Rama, msomaji wa barua zetu zote, akavua miwani, akasema Innalillahi. Nikamuuliza mbona 1979, na mtoto kazaliwa hamsini na sita, akasema afisi hukosea, hata yeye kipande chake chasema alizaliwa baada ya mdogo wake. Tukaweka matanga, na Jumamosi tukavuka feri kwa lori, wanawake tukilia, wanaume wakiapa kuonana na hao waliothubutu kumzika mtoto wetu Likoni bila idhini yetu.

Ukumbini tukakuta watu wameshika soda, picha zimejaa kutani, na Absalom amesimama katikati, karudi juzi yake, akapitiliza kutundika maonyesho ya kazi yake ya miaka kumi na mitatu, akitaka kutushtua kwa furaha.

Akaniuliza, “Hawe, nani amekufa?”

Nikamwambia, “Wewe.”

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika, Jael akamshika shati asimwachilie tena. Mimi nikaomba nionyeshwe picha, na kila maiti niliyemwona kutani nikamuuliza, huyu alizikwa na nani, na huyu je, mpaka akainama. Nikamwambia, “Sikuombi uishi miaka mia, nakuomba ufe nilipo.”

Hakwenda vitani tena. Alifungua studio hapa Mtopanga, wengi wenu picha zenu za kipande ni za mkono wake, na wengine mliambiwa mfunge mdomo.

Mwaka 1996 alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, na tarehe 3 Machi 1998, saa mbili asubuhi, alituaga kitandani mwake, Jael akimshika mkono, mimi nikamfumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuchotea maji na kutupikia, wenzake wa gazetini, na Mzee Rama, ambaye safari hii alingoja kumwona kwa macho yake kabla ya kusema Innalillahi.

Mkiniona nimetulia, msidhani moyo umekauka, nililomlilia Mungu kwa miaka kumi na mitatu nimepewa. Absalom, unalala nyuma ya jiko langu, utanisikia nikichochea moto. Pumzika kwa amani, mwanangu, najua ulipo.