Kapteni Birika na Mto Uliohama

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono: haya ndiyo maisha ya mzee wetu, yameandikwa na familia yake na yanasomwa na binti yake wa pekee.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Aprili 1943, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa ofisi ya upimaji wa ardhi na mkewe, fundi cherehani. Baba alirudi nyumbani na ramani zilizoharibika, mama akazibandika ukutani kuziba nyufa. Mtoto akajifunza kusinzia akitazama mito ya buluu. Hata uzeeni alisimulia kwamba alipofumba macho mito ile ilianza kutembea, ikashuka ukutani, ikapita chini ya kitanda na kutoka mlangoni taratibu, kama mgeni asiyetaka kusumbua wenyeji.

Alianza shule mwaka 1950 na kumaliza sekondari mwaka 1962. Katika mtihani wa historia aliulizwa aeleze sababu za ushindi wa jeshi fulani, naye akajaza kurasa nne kuhusu walioshindwa. Mwalimu alimwita mbele ya darasa. "Mwanangu, umeulizwa walioshinda."

"Walioshinda hawakujiuliza sana, mwalimu," alijibu. Alipata sifuri, na darasa likapata la kucheka muhula mzima.

Mwaka 1963 alijiunga na jeshi, akapangiwa kitengo cha ramani. Alikuwa na mkono mzuri, na alijua hivyo. Vita vya mpakani vilipozuka mwaka 1972 alikuwa kapteni wa miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa kuchora vivuko vya mto. Hapa familia inasoma polepole, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Tarehe 17 Novemba 1972, siku ya tatu ya kusimamisha mapigano, askari wetu kumi na tisa walikuwa wakirudi nyumbani kutoka ng'ambo. Walifuata kivuko alichokichora marehemu kutoka kwenye vipimo vya miaka kumi na mmoja nyuma. Hakwenda kuutazama mto. Ramani ilikuwa safi mno kutiliwa shaka. Lakini masika ya mwaka ule yalikuwa yameuhamisha mkondo, na pale ramani ilipoonyesha kina cha magoti palikuwa na shimo. Asubuhi ile ya ukungu waliingia wote majini wameshikana mikono, na hakuna aliyetoka. Hapakuwa na risasi hata moja. Siku mbili baadaye taarifa rasmi ilisema askari wa nchi jirani wamewavizia na kuwaua wakati wa amani. Mkuu wake alimwekea karatasi mezani, naye akatia sahihi.

Aliyeichapa taarifa ile alikuwa mpiga chapa wa makao makuu, msichana mwenye ulimi mwepesi. Aliona kalamu ya baba ilivyosita juu ya karatasi, akaelewa, akaifungia nakala kabatini. Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1974, na Mungu akawajalia wana wawili na binti. Mama yetu hupenda kusema wengine huposwa kwa barua za mapenzi, yeye aliposwa kwa siri ya serikali. Alasiri, baba akijilaza kwenye kochi, mama alimsikia akihesabu kina usingizini: magoti, kiuno, kifua. Hapo alimgusa bega kabla hajafika shingoni.

Mwaka 1981 alihamishiwa chuo cha mambo ya nje, kuwafundisha mabalozi wa kesho historia ya vita na mikakati. Darasani alikuwa na meza ya mchanga na birika la maji. Alichimba mto, akawaambia wachore ramani, kisha akamimina maji tena mpaka mkondo ukahama, akawaambia wavuke kwa ramani zao. Wakamwita Kapteni Birika. Aliwafundisha kwamba ushindi wa zamani ni kipimo cha zamani, na kwamba kabla ya kumtishia jirani sharti ujue utamwachia mlango gani wa kurudi nyuma bila aibu. Mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Mwalimu, sasa historia inatusaidia nini?" Alitazama maji yanavyonywewa na mchanga hata kengele ikalia.

Alijibu tarehe 3 Mei 1994. Mgogoro wa mpaka ulikuwa umefufuka, na katika chumba chenye mapazia mazito wakubwa walikuwa wakijadili kuvuka mto ule ule. Kila aliyesimama aliwataja wale kumi na tisa: damu yao inadai kisasi. Marehemu alialikwa kueleza vivuko tu. Alisimama akasema, "Hawakuuawa. Walizama. Kivuko nilichora mimi, na uwongo nikautia sahihi." Alisema baadaye kwamba alidhani anaota, na alingoja mkewe amguse bega.

Jeshi halikuvuka. Mazungumzo yalichukua miaka miwili, na wanafunzi wake wawili walikuwa mezani. Yeye alivuliwa cheo, na marafiki wengi walimtupa mkono. Kisha alizunguka nyumba za wafiwa, moja baada ya nyingine, akisema maneno yale yale. Wengine walimkaribisha kiti, wengine walimfukuza. Mama mzazi wa koplo aliyekuwa mdogo kuliko wote kati ya wale kumi na tisa hakufungua mlango. Kila mwaka marehemu alirudi, akasimama barazani, akasema alichokuja kusema, akaondoka.

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi, na mwaka jana figo zikamsaliti. Mwishoni aliota hata akiwa macho. Alimwomba muuguzi anyanyue miguu asilowe. Alitutoka Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa tisa alasiri, dirisha likiwa wazi na mkono wa mama ukiwa begani mwake.

Kifungua mimba wetu aliomba habari ya mto ifupishwe kwenye karatasi hii, kwa heshima ya baba. Mama alikataa. "Mara ya kwanza nilichapa uwongo," alisema. "Safari hii chapeni sawasawa."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi waliotawanyika duniani. Jeshi halikuleta tarumbeta. Ila asubuhi ya leo, wakati karatasi hizi zinakwenda kuchapwa, bibi wa miaka tisini aliletwa na mjukuu wake, akaketi mstari wa mbele. Ni mama yake yule koplo. Tulimuuliza tumwandike kama nani wa marehemu.

"Andikeni tu kwamba nimekuja," alisema.

Amekuja. Pumzika sasa, baba, kwa amani.